Yaliyomo Mtunguni

Jumatatu, 4 Agosti

Mitungi yote imeshapimwa na Mama Sidi bado amesimama kwenye ngazi ya kituo. Haondoki. Meseji imemfikia saa mbili: maziwa yako yana maji. Ya pili hiyo. Ikifika ya tatu mtu hutolewa kwenye chama chetu cha maziwa, na hakuna mnunuzi mwingine anayetuma bodaboda kufuata maziwa mpaka bomani kwake. Ng'ombe wawili ndio wanaomlisha.

Meseji hutumwa na programu yangu. Dzombo hupima, hutaja jina na kipimo, mimi naandika kwenye kompyuta. Mengine programu inamaliza yenyewe.

Dzombo akamwambia, "Mama, kwani ng'ombe wako amemaliza kisima?" Watu wakacheka.

"Kisima changu kimekauka tangu Juni, mwanangu. Hayo maji ningeyatoa wapi?"

Mimi nikaangalia kibodi. Mbele ya watu mimi huwa siwezi kusema neno.

Jumanne, 5 Agosti

Mzee Charo, mwenyekiti, alipita. Ndiye aliyeniajiri, ingawa niliishia darasa la sita. Mama Sidi ni shangazi yake, dada ya babake. Amesema mkutano ni Jumamosi, na ikija meseji ya tatu shangazi atatoka kama mtu mwingine yeyote. "Sheria haijui shangazi." Alisema hivyo huku anakaza kamba ya mtungi uliokwisha kukazwa.

Jumatano, 6 Agosti

Meseji ya tatu imetoka. Mama Sidi hakuja kituoni. Sijala.

Siamini kama anatia maji. Mwaka mzima namwangalia. Akija kuchukua mtungi mtupu huuosha mara tatu, hupangusa kifuniko kwa leso yake mwenyewe. Basi kosa liko kwenye programu. Niliiandika mimi kwa Python, lugha ya kompyuta, nilivyofunzwa na karani aliyenitangulia kabla hajahamia Voi.

Nikaiambia ichapishe mitungi yote ya leo kama ilivyoihifadhi, nione ndani kuna nini. Ikatoa mistari na mistari, yote sawa: neno Mtungi, halafu namba ya mahali ulipowekwa ndani ya kompyuta. 0x7f2c41. 0x7f2c98. Hakuna jina. Hakuna kipimo. Ni kama umuulize mtu mtunguni mna nini, akujibu uko nyuma ya mlango.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia karani wa zamani. Alicheka kidogo. Akasema mtungi haujui kujieleza mpaka uufunze. Kuna kitu kinaitwa repr, ndani yake unaandika unachotaka useme ukichapishwa. Mistari miwili tu. Niliona haya.

Nikaandika: sema jina, kipimo, saa. Maandishi ya jana yako bado, nikayapitisha tena, kila mtungi ujitaje unapoingia na tena mwisho.

Mtungi(Sidi Charo, 29, 7:12)
Mtungi(Sidi Charo, 23, 7:14)

Ishirini na tisa ni maziwa safi. Ishirini na tatu yana maji. Na kule mwisho, Sidi Charo amebaki mmoja. Wa ishirini na tatu.

Sidi Charo ndiye Mama Sidi. Nilidhani ana mitungi miwili. Bodaboda huleta ya boma lao yote pamoja, Dzombo anataja jina, mimi naandika. Sikuuliza.

Kwetu majina yanarudi. Mama Sidi ni binti wa marehemu Charo. Mwenyekiti akapewa jina la huyo babu yake, Charo. Alipozaa binti akampa jina la shangazi yake. Basi Sidi Charo wako wawili, boma moja. Mdogo aliingia chamani Julai. Programu inaweka mtungi mmoja kwa kila jina, wa pili ukija wa kwanza unafutika, na simu iliyoandikwa ni ya mkubwa. Mimi ni Mgiriama, nina jina la babu yangu, na sikufikiria. Mjinga.

Kwa hivyo maziwa yenye maji ni ya binti wa mwenyekiti.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimebadilisha programu. Sasa inashika namba ya mwanachama, sio jina. Mitungi inajitaja vizuri, 14 wa Mama Sidi na 61 wa yule mdogo.

Nikaichapisha kwa karatasi nikamwekea Mzee Charo mezani. Akasoma mara mbili.

"Huyu sitini na moja ni wangu?"

Nikaitika kwa kichwa. Akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Kesho utasoma wewe. Nikisoma mimi watasema nimechagua ya kusoma."

Naogopa. Anaweza kunifukuza pia, hajasema. Lakini naogopa zaidi kusoma.

Jumamosi, 9 Agosti

Manyunyu yamepita alfajiri. Kumetulia.

Nimejaribu kusoma peke yangu. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya nne ikafika mwisho.

Mkutano ni saa nne. Naacha hapa, lazima niende sasa hivi. Saa tatu Mama Sidi atakuwa ameshatoka kwake, na sitaki alisikie hili mara ya kwanza akiwa katikati ya watu waliomcheka. Kosa nililifanya mimi. Nitamwamkia, nimwambie mlangoni pake.