Loki ya Kiti ya Kaka Nkwabi Imekataliwa

Alhamisi, Somanda, hapa Bariadi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Watu wamekwisha kupanda pamba, kila anayepita hapa barabarani anaangalia juu. Mimi leo sijaangalia juu hata mara moja.

Nimekaa kwenye kompyuta ya mwisho, ile ya ukutani, hapa hapa ninapofanya kazi ya kuchapa barua na mitihani ya shule. Hakuna mteja. Mtandao unakwenda polepole, lakini unakwenda. Naandika kwa sababu nikirudi nyumbani sasa hivi nitajilaza na viatu vyangu na kutazama bati.

Barua imekuja. Wamekataa.

Niandike toka mwanzo, maana hata mimi bado sijaielewa siku ya leo.

Kaka yangu Nkwabi ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha, plau za kukokotwa na ng'ombe, na tangu magari ya mitumba kutoka Japani yaanze kuingia kwa wingi, anatengeneza pia viti vya magari. Gari linafika huku kwetu limeshachoka. Kiti kimeachia, springi imekatika, na yeye anakirudisha kikae.

Alikuwa na mtoto mmoja, Kabula. Aliniita sengi, kama sisi Wasukuma tunavyomwita shangazi. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika kusoma, na alisoma kila kilichoandikwa: ukuta wa duka, gunia la mbolea, khanga ya mtu anayepita mbele yake, kwa sauti, mpaka mwenye khanga anageuka.

Miaka minne iliyopita, Kabula akiwa na miaka saba, tulialikwa Maswa kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wa ndugu yetu. Milembe, mke wa Nkwabi, alitangulia siku moja kabla kwenda kusaidia kupika. Sisi watatu tulipewa lifti na jirani yetu mmoja mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale waliojitokeza ununuzi ulipoachiwa watu binafsi. Alikuwa na stesheni wagoni, gari zuri tu. Viti vya nyuma alikuwa amevilaza apate nafasi ya kupakia mbegu. Mifuko miwili ilibaki kule nyuma, alikuwa anaipeleka huko huko Maswa.

Nkwabi alikaa mbele na mwenye gari. Mimi ndiye niliyeinua migongo ya viti. Nilisukuma mmoja, nikasikia mlio. Nikasukuma wa pili, nikasikia mlio. Nikamweka Kabula dirishani ili asome maandishi ya njiani.

Karibu na Maswa ng'ombe walivuka barabara. Dereva alikanyaga breki. Hakugonga ng'ombe hata mmoja. Lakini mgongo wa kiti cha Kabula uliachia ukalala mbele, na mifuko ikaja nyuma yake.

Alifariki kabla ya saa sita mchana. Sitaandika zaidi ya hapo.

Msibani watu walisema loki ya kiti haikushika. Walisema gari la mtumba, walisema mapenzi ya Mungu, walisema ng'ombe wa watu wasiochunga. Hakuna aliyeuliza nani alifunga kile kiti. Nami sikusema. Nilibeba maji, nilipika, nilikumbatia watu, na sikusema.

Baada ya arobaini Nkwabi alimwomba mwenye gari ile loki. Akapewa. Akaiweka mezani pake na kwa miezi mingi hakufanya kazi nyingine ya maana. Loki ya kiti ni kitu kidogo. Kwenye ubavu wa gari kuna pini, kwenye mgongo wa kiti kuna ulimi wa chuma unaoikamata ile pini, na juu kuna mkono wa kuvutia ukitaka kuachia. Nkwabi aligundua kwamba ulimi ukigusa pini nusu tu, mkono unarudi chini kama kawaida na mlio unasikika kama kawaida. Mtu anaona kiti kimesimama. Hakijafungwa.

Akatengeneza ya kwake. Aliweka kibati chekundu kinachochomoza juu ya kiti na kubaki hapo mpaka ulimi uimeze pini yote. Nyekundu ikionekana, usikalie. Ikizama, kaa. Hata mtoto asiyejua kusoma angeielewa. Akaiita Kabula.

Mimi ndiye niliyeleta habari za hataza, ile hati ya serikali inayosema ubunifu huu ni wako na mtu mwingine asiutengeneze bila ruhusa yako. Nilikuwa nimesoma habari zake hapa hapa kwenye mtandao. Nilimwambia kaka tutaandika maombi Dar es Salaam, jina la mtoto litaandikwa kwenye vitabu vya serikali na halitafutika. Macho yake yalibadilika niliposema hivyo. Nilichora kwenye karatasi ya grafu, nikaandika maelezo kwa Kiingereza changu cha kidato cha sita, tukatuma.

Na nilimwambia asimwonyeshe mtu. Nilisoma kwamba kitu kikionekana hadharani kabla ya maombi, si kipya tena. Baada ya kutuma tungeweza kutulia, lakini sikuwa na uhakika, nikaendelea kumkataza. Dereva mmoja alikuja na kiti kilichoachia, akaiona loki mezani, akaomba awekewe kama ile. Nkwabi akanitazama. Nikatikisa kichwa. Miaka miwili loki ilikaa ndani ya boksi la misumari, na magari yakapita.

Hatia hiyo nayo ni yangu.

Mwezi wa saba mwaka huu barua ya kwanza ya ofisi ya hataza ikaja. Ilikuwa na adabu. Ilisema kuna hati ya zamani ya nchi za nje inayoeleza loki ya kiti yenye alama nyekundu inayosukumwa na mkono wa loki. Tueleze yetu ina tofauti gani, la sivyo haina upya. Tena tueleze kwa nini tofauti hiyo isingekuwa wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo.

Nilimtafsiria kaka mstari kwa mstari. Nikamweleza kwamba upya wanaoutaka ni wa dunia nzima, hata kama Bariadi hakuna aliyewahi kukiona kitu hicho. Hilo alilikubali. Alichokwama nacho ni yule mtu mwenye ujuzi wa kawaida.

"Huyo ni nani?" aliuliza. "Ni mimi?"

Nikamwambia si mtu wa kweli. Ni fundi wa kufikirika, amesoma hati zote duniani, lakini hajawahi kubuni kitu. Nkwabi akasema fundi huyo hajawahi kuzika mtoto. Akarudi kwenye michoro.

Tofauti aliiona mara moja. Alama yao ilifuata mkono, ya kwake ilifuata pini. Mkono unaweza kudanganya, pini haiwezi. Lakini alisema hatuna ushahidi kwamba mkono hudanganya kweli barabarani, nje ya meza yake. Labda siku ile mkono ulibaki juu na hakuna aliyetazama. Nani angejua.

Mimi nilijua.

Nilikuwa nimesimama kwenye vumbi la chuma la karakana yake, na kalamu mkononi. Nikamwambia. Nikasema ni mimi niliyeinua kile kiti, nilisikia mlio, na nilitazama mkono, ulikuwa chini. Nikasema nimenyamaza miaka yote kwa sababu niliogopa.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliweka penseli chini, akatoka nje, nikamsikia anavuta na kupanga mabati yasiyohitaji kupangwa. Aliporudi macho yake hayakunifikia.

"Mkono ulikuwa chini kabisa?"

"Chini kabisa, kaka."

"Basi andika hivyo."

Niliandika hivyo. Kosa langu liligeuka aya mbili za Kiingereza ndani ya jibu la maombi ya hataza. Tulituma. Kwa wiki tatu aliongea nami habari za barua tu. Kisha siku moja akanipa muhindi wa kuchoma alipokuwa anakula wa kwake, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kukaa tena. Hatujawahi kulizungumza zaidi ya hapo. Milembe hajaambiwa, alirudi kwa wazazi wake Ngulyati mwaka ule ule wa msiba, na siku ile ya muhindi Nkwabi alisema tu kwamba habari hii ataipeleka mwenyewe akiwa tayari. Sijui kama ni kunihurumia au ni kuniadhibu.

Leo asubuhi nilipita posta. Bahasha ilikuwa nyembamba na nikaifungua pale pale, nimesimama. Kisha nikaenda karakana. Nikamwamkia mwangaluka, akaitika huku anapima bomba la geti. Sikukaa. Nilisoma.

Wamekubali kwamba alama inayofuata pini ni tofauti na ile inayofuata mkono. Wametushukuru kwa maelezo. Lakini wamepata hati nyingine, ya nchi nyingine, na humo alama inasukumwa na pini yenyewe. Kama yetu. Nimeutazama mchoro wake uliobandikwa nyuma ya barua. Ungedhani Nkwabi ndiye aliyeuchora, kasoro mistari yao imenyooka zaidi. Maombi yamekataliwa.

Nilitegemea angekasirika. Nilijiandaa kumwambia kwamba si aibu, kwamba mtu wa Bariadi mwenye grenda moja amefika peke yake pale walipofika wenye viwanda. Niliyasema. Hakuonekana kusikia.

"Hati yao ni ya mwaka gani?"

Nikamtajia. Alihesabu kwa vidole, bila haraka. Ilikuwa imeandikwa miaka mitatu kabla Kabula hajazaliwa.

"Kwa hiyo kilikuwepo," akasema.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Mimi nililia kwa ajili ya hataza, kwa ajili ya jina lililokosa kitabu. Yeye hakuwa anaijali tena hataza. Kwa miaka minne alikuwa ameishi akiamini kwamba siku ile hakuna mtu duniani aliyejua la kufanya. Mwanawe alikufa kwa jambo ambalo lilikuwa bado halijafikiriwa, na yeye baba yake amelifikiria, basi, kwa kuchelewa. Uchungu wa namna hiyo alikuwa ameshauzoea. Sasa nimemletea barua inayosema mtu fulani alikaa mezani, akaiona hatari ile ile, akachora dawa yake, akaisajili, akaiweka kabatini. Na sisi tukapanda gari.

Kisha akaniuliza swali moja. Gari lile lilitengenezwa mwaka gani?

Najua mwaka wake. Nilinakili kadi ya gari mwenyewe tulipoandika maombi, kwa sababu kaka alitaka kueleza loki ya mwanzo ilitoka kwenye gari la aina gani. Gari lilitengenezwa miaka miwili baada ya ile hati. Waliolitengeneza wangeweza kuiweka alama ile. Nikiwa nimeshika ile barua, nikamtazama kaka yangu juu ya ndoo ya rangi, nikamwambia sijui.

Nilisema sijui kwa upole kabisa. Hata sauti haikutetemeka.

Kuna mstari mmoja mwishoni mwa barua nilimsomea ili nipate la kusema. Unasema hati zile za nje hazikusajiliwa nchini kwetu, kwa hiyo hakuna anayezuiwa kutengeneza kitu hicho hapa. Nkwabi aliniomba niurudie. Nikaurudia.

"Kwa hiyo naruhusiwa kutengeneza cha kwangu mwenyewe," akasema.

Sikujua kama alikuwa anacheka. Aliinuka, akafungua boksi la misumari, akaitoa loki na kuipangusa kwa kitambaa cha mafuta. Akasema ataikatia mfano wa bati, awape mafundi wote kuanzia hapa mpaka Lamadi, kila mmoja atengeneze na aite jina analotaka. Halafu akarudi kwenye geti la watu, kwa sababu mwenye geti alikuwa anakuja saa kumi.

Mimi nikaja huku.

Nimejaribu kujishawishi kwamba nilidanganya kwa huruma. Mtu ana mzigo, kwa nini umwongezee. Lakini hivyo ndivyo nilivyojiambia pia msibani, na nilivyojiambia kila Jumapili tuliyokwenda kumpalilia Kabula makaburini. Huruma yangu kila mara inaniangukia mimi kwanza.

Sijui itamsaidia nini kujua. Pengine haitamsaidia chochote. Pengine atatoka tena nje kupanga mabati, na safari hii asirudi na swali. Lakini ni mtoto wake, na ni gari lililomuua, na aliuliza kwa kinywa chake.

Kesho asubuhi, kabla hajawasha mashine, nitakwenda kumtajia ule mwaka. Kisha nitakaa pale pale pembeni yake, anene asinene, mpaka yeye mwenyewe aseme niondoke.