Rangi ya Idi Kwenye Mnyororo wa Bembea

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kilwa Masoko. Tarehe 02/04/2025

Jina: Sauda Bakary
Umri: Miaka 36
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkulima na muuza pweza
Makazi: Kilwa Kisiwani

Nimeonywa niseme kweli, nami sina cha kuficha. Marehemu Naima, mwenye miaka kumi na miwili, ni binti yangu.

Mnamo tarehe 31/03/2025, siku ya Idi Mosi, nilivuka naye kuja Masoko. Saa kumi alasiri tulifika kiwanjani, kwenye bembea ya viti vya minyororo inayozungushwa kwa injini. Mwenye mali ni Erasmo, huja nayo kila Idi. Mwaka jana niliona minyororo imeliwa na kutu, nikamkataza Naima kupanda, akanuna hadi nyumbani. Safari hii niliikuta yote imepakwa rangi ya kijani. Nilimuuliza Erasmo, "Hii ndiyo ile ya mwaka jana?"

Akasema, "Dada Sauda, angalia mwenyewe. Mpya."

Niliangalia. Kwetu mtu hapaki rangi mashua inayovuja. Anaziba kwanza, rangi huja mwisho. Kwa hiyo nilipoona rangi nilijua kazi imeshafanyika. Nikamchagulia mwanangu kiti mimi mwenyewe, kile kilichokolea rangi kuliko vyote.

Bembea ilianza polepole. Vijana waliokuwa chini wakazomea, "Hii ya watoto wachanga, kaza bwana," na wengine wakaanza kuondoka. Erasmo akamwashiria Abdala, mtu wa injini, aongeze mwendo. Viti vikapaa. Naima alikuwa anacheka, nami nikapiga vigelegele. Hilo naomba liandikwe.

Kisha mnyororo mmoja wa kiti chake ukakatika, akarushwa kwenye ukuta wa kiwanja. Nilifika wa kwanza. Pingili iliyokatika ilikuwa ya kijani nje, ndani kutu tupu, inamomonyoka. Erasmo alisimama nyuma yangu, akamwambia Abdala, "Nilisema tungebadilisha Idi ikipita."

Abdala akamjibu, "Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Naima alifariki kabla hatujamfikisha hospitali.

Jana asubuhi wanawake waliokuwa wakimwosha waliniita. Rangi ilikuwa imeganda viganjani mwake, maana alipoushika mnyororo ilikuwa bado mbichi, na maji ya kumwosha maiti lazima yafike kwenye ngozi. Niliitoa mimi kwa mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja. Nilikasirika mno, na hapakuwa na wa kumkasirikia mle ndani. Rangi nyingine ipo kwenye gauni lake la Idi, mahali alipojifuta. Nimelileta.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

(Sahihi) Sauda Bakary

Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Gauni moja la njano, lenye alama za vidole za rangi ya kijani, limepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameomba lisifuliwe. Nimemjibu kwamba kielelezo hakifuliwi.

(Sahihi) Koplo Valentini