Kamba Uliyotufundisha

Bunia, Ngezi
Tarehe 14 juin 2025

Mupenzi mudogo wangu Tharcisse,

Kabla ya yote, uko namna gani? Ile malaria iliyokulaza wiki mbili huko Kisangani, imeisha kweli ao unatudanganya ili tusihangaike? Fabrice wa lori alisema umekonda, lakini yule kila mutu kwake amekonda. Kula vizuri.

Siye hapa tuko wazima. Bwana yangu Claude, kikohozi chake kimepungua. Batoto wanasoma. Mama iko muzima kwa mwili. Mengine nitakuambia mbele kidogo. Ningekupigia simu, lakini kila mara ninaposhika simu mama anakuja kukaa karibu yangu, na mambo haya sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na ulizo lako la mémoire, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Unataka kujua kama kazi ya mukulima mumoja leo inazaa zaidi ao kidogo kuliko wakati wa marehemu papa. Ninakujibu kwa hesabu za mutu wa jembe. Papa na mama, batu wawili, kule kwetu Djugu, karibu na Iga Barrière, mbele ya kukimbia vita, walivuna maharagi mifuko kumi kwa saison. Mwaka jana, kwa saison moja, siye bamama kumi na mbili wa kikundi chetu cha kulima tulivuna mifuko makumi tatu na tatu. Gawanya mwenyewe, bwana injinia.

Usiandike kwamba tumekuwa wavivu. Shamba tuliloazima liko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na saa nane lazima tutoke kwa sababu ya usalama. Udongo hauna mapumziko, unalimwa saison kwa saison. Vijana wenye nguvu wameenda kwenye zahabu. Kule kwetu mutu alifungua mulango na shamba lilikuwa pale.

Sasa nifike kwa ile kamba yako.

Barua yako ya janvier ilinikuta mama ameenda Tchomia kwa matanga ya muke wa baba mudogo Sébastien. Ulisema tupimie kila mutu kipande chake kwa kamba, tuandike kwa daftari nani amemaliza, na kazi itapanda. Niliisoma mbele ya kikundi chote, sauti juu, kichwa juu, sababu mudogo wangu iko universite. Mireille, présidente wetu, alikubali siku ile ile.

Unakumbuka namna tulikuwa tunalima. Kila mutu anashika mustari wake, na mwenye kumaliza mbele hakai chini. Anazunguka, anaingia mustari wa mwenye kubaki nyuma kwa upande ingine, wanalima mupaka wakutane katikati. Tuliita kumupokea. Hakuna aliyejua fulani amelima ngapi, na hakuna aliyetaka kujua.

Kamba iliondoa ile. Mita kumi na saba kwa kumi, ukimaliza unaenda zako. Na nikuambie kweli, kazi ilipanda. Hekta tuliyokuwa tunalima siku saba, tuliimaliza siku tano. Tulipanda mbegu mbele ya mvua kubwa, kitu hatujakipata tangu tukimbie Djugu. Vanessa na Chance walikuwa wanashindana na kucheka. Hata miye nilifurahi. Kumbe miaka yote nilikuwa ninajiwekea nguvu kidogo, juu nilijua nitarudi kumupokea mutu.

Mama alirudi mwisho wa mwezi wa pili na samaki zake makavu, akakuta kamba imekwisha kulazwa. Alilima namna yake: jembe linaingia ndani kabisa, kila muzizi wa majani anauvuta kwa mukono, anaukunguta udongo, anautupa pembeni. Siku ya kwanza alifika nusu. Nilitaka kwenda kumupokea, Mireille akanizuia kwa macho. Sheria ni sheria, na miye ndiye niliyeileta. Nilisimama pale na jembe langu kama mugeni. Haya ilinishika, Tharcisse, sikufichi.

Mwenye kushindwa kamba mara tatu, saison inayofuata anatoka kwa liste, na kipande chake kinapewa mwingine. Mama alishindwa mara tano. Dimanche iliyopita, kisha kanisa, kikundi kilikaa mukutano, Mireille akasoma daftari kwa sauti ndogo. Kipande cha mama kwa saison B, ile inayofuata, amewekewa Arlette, mwenye miaka makumi mbili na mbili. Kwa hesabu, kazi ya kila mutu itapanda tena. Andika ile pia, ni kweli.

Niliwaomba angalau wamuache kwa kazi ya kuchagua mbegu, maana pale hakuna anayemushinda. Walikubali kumwita siku mbili. Kipande cha shamba, hapana.

Mama hakulia. Anaamuka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa nguo za shamba, anafagia kiwanja. Akimaliza anakaa kidogo, kisha anafagia tena. Kwa meza anachukua vijiko viwili, ananiambia chakula ni cha wenye kulima. Ile inanichoma kuliko yote.

Hajui kama kamba ilitoka kwako. Bamama wote wanajua, nilisoma barua mbele yao, na hakuna hata mumoja amefungua kinywa. Akiuliza, wanasema ni mambo ya batu wa projet, wale wa misaada. Miye pia nilisema vile. Sikulaumu weye peke yako. Weye uliandika, miye nilisoma. Lakini uliandika ukiwa umekaa kwenye kiti, na ulisahau mama yako iko na miaka makumi sita na saba na bado analima.

Mwezi ujao, juillet, unakuja kupumzika masomo. Liste ya saison B inafungwa tarehe kumi ya mwezi wa munane. Mireille anasema ukisimama weye mwenyewe mbele ya kikundi, useme wazee wapewe nusu kamba ao kumupokea kurudi, watakusikia, juu ni maneno yako walifuata. Miye nimekwisha kusema, wamechoka na miye. Ila siku ile mama atakuwa amekaa pale, na atasikia yote.

Claude anakusalimia, na batoto, na Honorine wa jirani ambaye bado anauliza utaoa lini. Mama anakusalimia sana. Jana aliniona na karatasi hii, akanituma ujumbe, na ninauandika kama alivyousema: umalize masomo upesi, usikawie huko Kisangani, urudi umutafute huyu mutu aliyeleta kamba, umufundishe namna ya kulima na batu.

Mungu akulinde njiani na akutie maneno kinywani.

Ni miye yaya yako, dada yako mukubwa, mwenye kukupenda hata siku ya hasira,

Léontine