Picha Aliyobaki Nayo Mzee Magesa

Ilemela, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Nasikia baridi ya Makete imekaza. Nakuomba usitoke kwenda shambani kabla ukungu haujaisha. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kiko juu kabisa kwenye mawe, maji napandisha kwa kichwa, lakini nimeshazoea.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi. Wageni wa enzi za ukoloni walipiga picha za vilima na fukwe za huku, wakaondoka nazo. Sisi tunazirudisha kwa wenyeji. Juzi nilipanda meli hadi Nansio, nikaenda kijiji kimoja ambacho chemchemi yake ilikauka zamani miti iliyoizunguka ilipokatwa, na maji ya ziwa nayo siku hizi yamekuwa ya kijani, hayanyweki. Wanataka kupanda miti chemchemi irudi, ila hawakumbuki ilikuwa miti gani.

Nilianzia kwa Mzee Magesa, maana ndiye mkubwa kuliko wote pale. Akawa anafunua picha, anacheka, anataja majina ya mawe. Ghafla akasita kwenye picha moja. Kwenye picha ile kulikuwa na mwanamume mwenye shoka, visiki vimemzunguka, na upande mmoja miti michache imebaki kando ya chemchemi.

“Huyu ni baba,” akasema. “Alikuwa anafyeka apate shamba la pamba.”

Kumbe kijiji kizima kinaamini miti ile ilikatwa na baba yake Bibi Nyanjige, jirani yao. Bibi wa watu amezeeka akisemwa.

“Mjukuu wangu, hii usiipeleke mkutanoni kesho,” Mzee akaniomba.

Mama, nikamwambia, “Babu, picha ni zenu. Hii nakuachia wewe.” Nikaondoka moyo mzito, sijui kama nimefanya vyema.

Kesho yake tulikutana darasani, shule ya msingi. Picha zikazunguka, watu wakafurahi. Nilipokuwa nafunga mkoba, Mzee Magesa akasimama, akaitoa ile picha mfukoni mwa koti.

“Nyanjige, aliyekata si baba yako. Ni wangu. Nililijua hili tangu mtoto, nikanyamaza. Nisamehe.”

Bibi Nyanjige akaazima miwani, akaitazama picha muda mrefu sana. Nilidhani ataichana. Akaweka kidole pale kwenye miti iliyobaki.

“Huu ni mkuyu,” akasema. “Na huu pia. Magesa, njoo uone. Tuanze na mikuyu.”

Mzee akaenda, watu wakampisha akae kwenye dawati karibu naye.

Nimekuandikia haya kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumsimulia.

Nisalimie baba mdogo Edeni na useremala wake, shangazi Atu, na wifi aliyejifungua. Mwambie nasubiri kuambiwa jina la mtoto. Na wewe mama, kunywa dawa hata ukijisikia nafuu.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Tumaini