Biskuti za Idi Zisizo na Yai

Thureya,

Mtaani kwenu Mtendeni wanasema mimi ndiye niliyekuua. Wanasema nilikuua kwa yai. Wewe ndiye mtu pekee anayejua kwamba si kweli, na ni wewe tu asiyeweza kuulizwa.

Nakuandikia darasani, saa ya kujisomea. Kiti chako kiko hapa kando yangu, hakuna anayekikalia. Mwanzoni nilidhani ni kwa heshima yako, kumbe ni kwa kuniogopa mimi. Wasichana wamenibandika jina la Mama Biskuti. Nikimgawia mtu karanga, ananusa kwanza kiganja changu, halafu wanacheka wote. Najua na wewe ungecheka. Ulimi wako ulikuwa mkali kuliko wa yeyote kati yao, ila haukuwahi kuniacha na kidonda.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza? Mwalimu wa Sayansikimu alitufundisha keki, akasema yai ndilo linaloshikanisha unga. Ulijua kwamba mwili wako unakataa yai, maziwa na samli, lakini uliona haya kusema mbele ya darasa, ukala kipande. Kengele haijalia midomo yako ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Mama yako alikuja kukuchukua amevaa viatu viwili visivyofanana. Tangu siku hiyo akaapa kwamba hutakula chochote ambacho hakukipika yeye.

Mimi nilikuwa nimetoka kijijini Choma karibuni. Nyumba yetu ilikuwa imebomolewa, wazazi wamehamishiwa kijiji cha ujamaa pamoja na majirani wote, na mimi nimeletwa hapa Chemchem kwa shangazi ili nisome. Sikuwa na rafiki. Uliniuliza wakati wa mapumziko, "Kabula, wewe uliyetoka kwenye karanga, huwezi kunipikia biskuti ambazo hazitanivimbisha?" Uliniuliza kwa dharau, kama kawaida yako. Mimi nikalichukua swali lako kama kazi ya nyumbani.

Za kwanza zilikuwa unga mtupu. Ulisema tuzile kwa kijiko. Za pili zilikuwa ngumu, ukasema tuzipeleke kijijini kwetu wakajengee shule. Kisha nikatwanga karanga kwenye kinu cha shangazi mpaka zikatoa mafuta, nikachanganya na unga, sukari, kakao na maji kidogo, nikakanda. Donge likashikana. Hatukuwa na tanuri, kwa hiyo nilitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sinia la bati juu ya mchanga, nikafunika, na mkaa wa moto nikauweka chini na juu ya kifuniko. Ulikaa mbele ya jiko lile umejifunga khanga yangu kichwani. Ulipoonja ya kwanza hukusema neno. Ndipo nilipojua nimefaulu, maana hukuwahi kukosa neno.

Mama yako alikuja kwa shangazi siku iliyofuata. Alisimama mlangoni, akaniuliza kila kitu nilichotia, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Haya. Wewe tu. Mwingine hapana." Nilijiona nimepewa cheo. Yeye ndiye aliyetupa lile bati tupu la kakao kutoka dukani kwa baba yako, na bati likawa msafiri wetu. Likija kwenu lina biskuti, likirudi lina tende, au halua, au bizari tu iliyofungwa kwenye karatasi. Hata mwaka ule serikali ilipoichukua nyumba yenu, na rafu za duka zikabaki na viberiti na chumvi, halikurudi tupu. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu isipokuwa kwa watu waliokata urafiki.

Sasa Idi.

Unga ulikuwa haupatikani. Shangazi alipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, akanipa kikombe kimoja huku ananung'unika. Nilitaka biskuti zako za Idi ziwe nzuri kuliko siku zote. Nilichemsha sukari na maji mpaka yakawa mazito, nikazipaka juu zikiwa bado za moto. Ziling'aa, Thureya. Ulizitazama ukaniuliza kama nimezipaka mafuta ya nywele. Ukala mbili, ukaenda na nyingine kitandani kwa sababu kichwa kilikuwa kinakuuma tangu asubuhi. Tangu asubuhi, kabla sijafika. Uliniambia mwenyewe, na nimeshawaambia watu mpaka nimechoka.

Jioni homa ikapanda. Hospitali walisema ni malaria, imekupanda kichwani. Nilikuja nikasimama dirishani, ukanitambua, ukasema, "Zile zilizobaki usimpe mtu. Niwekee mbili." Kulipokucha hukuwepo.

Mama yako alikuta biskuti chini ya mto wako. Aliishika kwenye mwanga, akaiona inavyong'aa. Nyumbani kwenu mkate wa Idi hung'aa hivyo hivyo, na wenu hupakwa yai. Yeye alijua njia moja tu ya kuung'arisha mkate. Hakumsikiliza daktari tena. Alitoka barazani mbele ya waombolezaji akasema, "Wametuchukulia nyumba, wamemaliza duka, sasa wamechukua na mtoto." Alikuwa ananitazama mimi, mwenye sare ya shule na bati mkononi, kama mmoja wa hao waliochukua.

Sikuruhusiwa kuingia kukuona, na bati nikaliacha pale barazani. Na kwa kuwa wanawake hawaendi makaburini, hadi leo sijui ulipolazwa. Shangazi alinipiga kwa fimbo ya ufagio, si kwa kuamini kwamba nimeua, bali kwa kupeleka chakula nyumba za watu. Alisema maskini akigawa chakula anajitafutia kesi.

Kila nilipopita kwenu nilimsalimia mama yako. Shikamoo mama. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Unajua maana ya mtu mzima kukunyima marahaba. Ni kama kukuambia hujazaliwa. Shangazi alinikataza, akasema nisiimwage heshima yangu mchangani. Niliendelea. Sikujua njia nyingine ya kusema kwamba sikukuua.

Baada ya arobaini yako akanijibu, ila si kwa marahaba. Alisema, "Njoo kesho, mikono mitupu. Utazipika hapa, mbele ya macho yangu."

Nilifurahi. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini usiku ule nilifurahi, nikazipiga pasi nguo zangu. Nilidhani ataona, kisha atalia, kisha tutakulilia pamoja.

Uani kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Mama yako alikuwa ametoa kila kitu kutoka stoo yake mwenyewe: unga, karanga, sukari, kakao. Nilipochutama tu, jirani yenu Bi Mwanaidi akasema, "Mpekueni kwanza. Hawa wa mashambani wanaweza kuficha kuku mzima kwenye khanga." Wakacheka. Walinisimamisha, wakanifungua khanga, wakaikung'uta, wakatia mikono kwenye mifuko ya sare yangu. Mmoja alininusa vidole. Mama yako hakucheka. Hakuwakataza pia.

Nikatwanga. Nikakanda. Kila nilipoinua kitu Bi Mwanaidi alikitangaza kwa sauti kama mnadi wa sokoni, "Maji hayo, anatia maji." Nikakata kwa mdomo wa bilauri, nikapanga kwenye sinia, nikafunika, nikaweka mkaa juu. Harufu ilipotoka kicheko kikaisha. Walikuwa wanaijua harufu ile. Ilikuwa ya kwako.

Zilikuwa nyeusi, kavu, hazing'ai hata kidogo. Bi Mwanaidi akasema, "Si mnaona? Zile ziling'aa." Nikaomba sukari kidogo na kikombe cha maji. Nikaichemsha mpaka ikawa nzito, nikachovya kitambaa, nikaipaka biskuti moja. Iling'aa mbele ya wote.

Mama yako aliichukua, akaigeuza kwenye jua, akaipitisha kidole, akakiweka kidole ulimini. Alikaa hivyo, kidole kikiwa mdomoni kama mtoto, na mimi nikangoja. Mwalimu anatufundisha kwamba ukweli ukidhihirika mambo hunyooka. Nilingoja yanyooke.

Akasema, taratibu kabisa, "Ulipokuwa umemuua wewe, nilikuwa na mtu wa kumchukia. Sasa nimchukie nani, mbu?"

Kisha akalichukua sinia lote akawamwagia kuku. Walikuja mbio, wakazigombania miguuni kwangu, zile biskuti nilizozipika siku zote bila yai lao hata moja. Alinitazama mpaka kuku walipomaliza kudonoa chembe. Akaingia ndani, akatoka na lile bati letu. Lilikuwa limebaki kwenu tangu siku ile ulipozikwa. Alikuwa ameliosha vizuri, limekauka, na ndani hamkuwa na kitu. Hata bizari. Akanipa. Wanawake wote waliona, wakainamisha vichwa, kwa sababu kila mmoja alijua bati tupu linasema nini.

Nililibeba mpaka Chemchem. Shangazi alilifungua kifuniko, akachungulia, akakirudisha polepole. Hakunipiga. Aliniwekea ugali.

Thureya, nilikuwa nimeamua barua iishie hapo. Ilikuwa imeshaisha kichwani mwangu. Lakini jana nilikuwa kwenye foleni ya unga, na aliyesimama mbele yangu, amejifunika buibui, ni mama yako. Amekonda. Viatu vyake havikufanana, kama siku ile ya keki. Nilisema, kwa sauti ya kawaida, shikamoo mama.

Alikuwa anatazama mbele, kwenye gunia. Foleni ikasogea, naye akasogea. Nikadhani ndivyo basi. Ndipo akasema, bila kugeuka, kama mtu anayetema kokwa, "Marahaba."

Hakuongeza. Alipopimiwa unga wake akaondoka bila kunitazama. Najua kwamba hanipendi na labda hatanipenda kamwe. Kila akiniona anaona kwamba mimi nimekua na wewe hukukua. Lakini aliitika, na watu kwenye foleni walisikia, na leo asubuhi msichana mmoja wa darasani alikula karanga zangu bila kuninusa kiganja.

Kwa hiyo lala, rafiki yangu, popote walipokulaza. Idi ikija nitapika tena, zikiwa na karanga na kakao, nitazing'arisha kwa sukari, na bati nitalipeleka kwenu likiwa limejaa. Akilirudisha tupu, nitalipokea kwa mikono miwili, nitalijaza tena na kulipeleka. Watasema sina haya. Na kabla sijalifunika nitatoa mbili niziweke kando, na sitampa mtu.

Mimi wako,
Kabula