Shuka Uliyoificha

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa, pedi ziko chini ya mto wako. ~~Mwambie baba yako.~~ Baba yako nitamwambia mimi, ukiniruhusu.

Asubuhi nilikufokea kwa kuficha shuka, kabla sijaona damu. Nisamehe, mama. Nimeshaifua.

Mwili wako umeanza kazi kama yangu ya gesti. Homoni ya estrojeni inatandika chumba, yaani tumbo la uzazi, polepole, yai linatoka, kisha projesteroni inakiacha chumba kimya, laini, kikisubiri. Mgeni, yaani mimba, asipokuja, homoni zote mbili zinashuka na matandiko yanatoka, ndiyo hiyo damu. Baada ya siku chache kinatandikwa upya.

Kule gesti natandua vitanda kumi kila siku, na sijawahi kumfokea mtu kwa ajili ya shuka. Wa kwanza umekuwa wewe.

Mama