Kaka Omari na Betri Zangu

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Kerege salama. Bibi yako hajambo, ila magoti tu; shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, alhamdulillah.

Unaniuliza kama ununue betri ya tatu ya pikipiki yako. Usinunue. Mwambie fundi apime kwanza kama chaji inafika kwenye betri.

Ujanani pikipiki yangu ilinisumbua hivyohivyo. Betri ikifa, nilinunua nyingine, nayo ikafa. Kila asubuhi kaka yangu Omari alinisukuma mpaka iwake, nami nikaenda zangu Bagamoyo bila kugeuka. Akihema, nilimtania kuwa amezeeka.

"Wewe nenda, utachelewa," alikuwa akisema.

Siku moja alinisukuma ikawaka, nikaondoka. Niliporudi, nilikuta watu wametandika mikeka uani. Ni moyo, wakaniambia. Ulikuwa ukimsumbua siku nyingi.

Baada ya arobaini yake, fundi aliona waya wa chaji umechubuka chini ya tangi. Akauunga, kazi ya dakika chache. Tangu hapo pikipiki iliwaka kwa kiki moja, na kila asubuhi, kabla sijaondoka, niligeuka nyuma kutazama pale Omari alipokuwa akibaki akihema.

Ni mimi babu yako.